Chupa Mbili za Manjano

Tuk. Tuk. Tuk.

Mchi ulikuwa ukishuka kinuni taratibu, umevikwa kitambaa usije ukawaamsha wenye nyumba. Alfajiri ilikuwa haijaadhiniwa. Bibi Mwanamkasi alikuwa ameketi uani kwa Kijakazi, Ngamiani, barabara ya tisa, akitwanga mizizi mibichi ya manjano aliyoichimba kwa mkono wake shambani Mwera. Vidole vyake vilikuwa vimeshika rangi hata kucha, kama bibi harusi aliyepakwa hina na mtu asiyeona.

"Kitoe hicho kitambaa, bi mkubwa," Kijakazi alisema kutoka mlangoni. "Nani amelala? Nikisikia mchi huo kifua changu chenyewe kinaamka."

"Rudi ulale, mwanangu. Wewe dawa zako umekwisha kunywa."

"Nimekunywa, ndiyo maana nina pumzi ya kukujibu." Akacheka, akachutama kuchochea moto.

Kijakazi alikuwa mjane, mtu wa Moa. Miaka miwili nyuma aliota uvimbe kwenye titi, akapelekwa kwenye nyumba ya mashine iliyojengwa Raskazone na daktari mmoja wa Kizungu. Mashine ile ilitoa mwanga usioonekana kwa macho. Uliua uvimbe, hilo hakuna aliyelikana. Lakini nyuma ya titi kuna pafu, na mwanga haukujua wapi pa kukoma. Wanawake walitoka mle wamepona, wakapika, wakafua, wakaenda harusini. Mwezi wa tatu kikaja kikohozi kikavu. Baada ya kikohozi ikaja pumzi fupi, mtu anatweta amekaa kitako kama aliyepanda mlima na ndoo kichwani. Waliowekwa chini ya mashine pamoja na Kijakazi walikuwa watano. Wanne walizikwa kabla ya mwaka kugeuka.

Kijakazi alikuwa amekwenda Mwera kupumzika kwa Bibi Mwanamkasi, shangazi wa marehemu mumewe. Bibi akampikia dawa ambayo mama yake aliwapa wachoma chokaa waliokaushwa vifua na moshi wa tanuri: manjano mabichi, pilipili manga, majani ya kivumbasi, maziwa ya mbuzi, kikombe kizima kila asubuhi. Kijakazi alikohoa mwezi mmoja, kikohozi kikaondoka. Labda ilikuwa dawa, labda siku zake zilikuwa hazijafika. Bibi hakuwahi kubishana na mtu juu ya hilo. Yeye alipika tu.

Sasa, mwaka huu wa hamsini na sita, Mwatumu naye alikuwa ameota uvimbe kwenye titi.

Mwatumu alikuwa mjukuu wake, amelelewa naye tangu siku mama yake alipofariki akimzaa. Bibi alimwita mke mwenzangu, kama bibi wanavyowatania wajukuu wa kike, na Mwatumu alimjibu, "Mke mwenza gani asiye na jino hata moja, mume atakutaka wewe?" Alikuwa na miaka ishirini na sita. Duniani hapa, Bibi Mwanamkasi hakuwa na mwingine.

*

Daktari yule watu walimpa jina la Bwana Mizani, kwa sababu hakumwamkia mtu kabla ya kumpima uzito. Alipima wagonjwa, akapima chakula chao, akapima hata makohozi. Habari za Kijakazi zilikuwa zimemfikia, na siku Mwatumu alipolazwa alimwita bibi ofisini. Dresa wake, msaidizi wa kufunga vidonda na kugawa dawa, aliitwa Fanueli, Mbondei mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi; alisimama pembeni.

"Wewe ndiye bibi wa manjano?"

"Ndiye mimi, bwana. Nataka ruhusa nimpe mjukuu wangu dawa."

"Nimeijaribu kwa panya. Panya wengine walipona mapafu, wengine hawakupona. Sasa nataka kuona kwa watu." Alizungumza Kiswahili kizuri, kikavu. "Kuna wanawake wawili wodini, umri mmoja, ugonjwa mmoja, titi moja la kushoto. Utaleta dawa kila asubuhi. Fanueli ataitia katika chupa moja. Chupa ya pili atatia maziwa, sukari na rangi ya biriani. Mmoja atakunywa hii, mmoja ile. Miezi minne."

Bibi Mwanamkasi alidhani hakusikia vizuri. "Na huyo wa rangi ya biriani, bwana, yeye atapata nini?"

"Yeye ndiye atakayetuonyesha."

"Atatuonyesha nini?"

"Kama dawa yako ni dawa."

"Niwapikie wote wawili, bwana. Manjano ni mengi. Shamba zima."

"Ukiwapa wote sitajua kitu." Akafungua daftari. "Hawataambiwa. Kila mmoja ataamini anakunywa dawa. Na wewe ukisema neno moja kwa yeyote, mjukuu wako atatolewa kwenye mashine siku hiyohiyo, aende nyumbani na uvimbe wake. Umeelewa?"

Bibi alimtazama Fanueli. Fanueli alikuwa akizitazama kucha zake.

"Nimeelewa, bwana," alisema. Alikuwa na hakika kwamba kinywa chake kimesema peke yake.

*

Mwenzake Mwatumu wodini aliitwa Beatrisi. Alikuwa Msambaa, Mlutheri, mke wa Zebedayo aliyekata mkonge katika shamba moja upande wa Muheza. Siku ya kwanza Bibi Mwanamkasi alipoingia na jagi lake, Beatrisi ndiye aliyeinuka. Kitanda chake kilikuwa cha dirishani, penye upepo. Alitandika kanga pembeni ya godoro.

"Shikamoo bibi. Kaa hapa. Umetembea kutoka Ngamiani na jua hili?"

"Marahaba, mwanangu. Miguu yangu imezoea."

"Miguu haizoei, bibi, inanyamaza tu." Akaichukua miguu ile ya mtu asiyemjua, akaiweka mapajani mwake, akaanza kuikanda.

Mwatumu alicheka kutoka kitanda cha pili. "Mwone Msambaa! Jana kaogopa samaki mezani kwa vile ana macho, leo anashika miguu ya mzee wa watu."

"Miguu ya bibi haijanikodolea macho," Beatrisi alijibu.

Wote wawili walikuwa wamechorwa kifuani mistari ya wino wa zambarau, mashine ijue pa kulenga. Waliambiwa wasiioshe. Walikwisha kutaniana kwamba wametiwa chapa kama ng'ombe wa tajiri mmoja.

Fanueli alichukua jagi, akarudi na chupa mbili zilizoviringishwa karatasi ya kaki. Namba moja akampa Mwatumu, namba mbili Beatrisi. Bibi alisogea kwa mjukuu wake, akajifanya anamfuta mdomo, akanusa chupa. Kivumbasi. Harufu kali, ya kweli, ya jikoni kwake.

Alhamdulillahi, alisema moyoni. Alhamdulillahi.

Kisha akageuka, akamwona Beatrisi amemaliza chupa yake ya maziwa na sukari, anaramba tone la mwisho kwenye kidole. "Tamu hii," Beatrisi alisema. "Mungu akulipe, bibi, kwa kutuhangaikia sote."

Bibi Mwanamkasi aliomba maji ya kunywa. Aliyemletea maji alikuwa Beatrisi.

*

Wiki zikaenda. Kila siku mchi uligonga Ngamiani, kila siku jagi lilikwenda Raskazone, kila siku Bwana Mizani alilipima. Uvimbe wa Mwatumu ukanywea. Wa Beatrisi pia. Ngozi za vifua vyao zikawa nyeusi kama ubao wa mlango wa jiko, zikabanduka, zikaota upya.

Mwezi wa pili ulipokwisha, bibi aliingia wodini akasikia sauti iliyomsimamisha mlangoni. Kikohozi. Kifupi, kikavu, kama mtu anayevunja vijiti. Alikuwa Mwatumu.

"Ni vumbi tu, bibi," Mwatumu alisema. "Usinitolee macho hayo ya samaki, utamtisha Msambaa."

Fanueli alileta chupa, akaondoka. Mwatumu akavuta bakuli la bati kutoka chini ya kitanda. Akamimina chupa yake humo. Beatrisi akamimina na yake. Wakakoroga kwa kijiko kimoja. Mwatumu akanywa nusu, akafuta ukingo kwa kidole gumba, akampa mwenzake.

"Mnafanya nini?" bibi aliuliza.

"Tunakunywa dawa."

"Tangu lini mnachanganya?"

"Tangu wiki ya kwanza," Beatrisi alisema. "Kila mtu kugeukia ukuta na chupa yake, ilikuwa kama tumegombana. Tena yangu tamu mno na yake chungu. Tukichanganya zinakuwa sawa."

Bibi mwenyewe ndiye aliyemfundisha Mwatumu, tangu angali anatambaa, kwamba hata ukiwa na muhogo mmoja hauli mbele ya mwenzio bila kumvunjia. Alimpiga mara moja tu katika malezi yake yote, na ilikuwa kwa hilo, kwa kula embe amempa mgongo mtoto wa jirani. Sasa Mwatumu alikuwa amefanya kama alivyofunzwa, na kwa wiki saba alikuwa amekunywa nusu ya dawa. Kijakazi alikunywa kikombe kizima, na bado alikohoa mwezi mzima.

Kumwongezea haikuwezekana. Jagi lilipimwa langoni, kapu lilipekuliwa. Angewaambia ukweli wa chupa, Mwatumu angetolewa kwenye mashine, na zilikuwa zimebaki siku nane za mwanga. Bibi Mwanamkasi alikaa kwenye kanga ya Beatrisi, penye upepo, akafikiri. Hakufikiri sana. Baadaye, hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Mwatumu," alisema, "dawa hiyo nimeisomea. Nimeisomea Yasini, kama kombe la maandishi ya Kurani. Haifai kuingia kinywa cha mtu wa kanisani. Ikichanganywa inakufa. Usimpe tena."

Mwatumu alishuka rangi usoni. "Bibi! Maneno gani hayo?"

"Ni hayo. Nami ndiye niliyekulea."

Hakukuwa na kisomo chochote. Hakuwahi kuisomea dawa ile zaidi ya bismillahi ya kuinjikia sufuria. Wala maishani mwake hakuwahi kumtenga mtu kwa dini yake. Mwera alizalisha wake wa manamba, wale vibarua wa mkonge, wa kila kabila, akala vyunguni mwao.

Beatrisi aliweka bakuli chini. Lilikuwa bado na nusu yake. Akalisukuma polepole upande wa Mwatumu.

"Mwache, Mwatumu," alisema. "Bibi asingesema kama si lazima. Malizia." Kisha, kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi, "Sikujua, bibi. Ningejua nisingeigusa."

Mwatumu alikunywa huku machozi yakimwingia bakulini. Bibi alimsimamia mpaka tone la mwisho.

*

Mwezi wa tatu kikohozi cha Mwatumu kikalegea, kikawa cha asubuhi tu, kikaisha. Wiki ileile Beatrisi akaanza. Mwanzo aliziba mdomo kwa kanga ili asiwasumbue wenziwe. Baada ya siku kumi hakuweza kulala chali. Baada ya ishirini Zebedayo alimchongea kiegemeo cha mbao, akawa analala amekaa.

Bwana Mizani aliwasikiliza vifua kila asubuhi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona mbegu yake imechipua. "Namba moja, safi. Namba mbili..." Akaandika kwa muda mrefu.

Bibi Mwanamkasi alimfuata mpaka ukumbini. "Bwana, sasa umeona. Nimpe na yule."

"Bado wiki tano."

"Hana wiki tano, bwana."

"Basi hilo nalo tutalijua."

"Lakini umekwisha kuona kwamba ni dawa!"

"Sijaona kitu, bibi." Alimsemesha kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Wawili hawatoshi. Labda mjukuu wako ana kifua kigumu. Labda huyu alikuwa dhaifu tangu mwanzo. Wawili ni mwanzo tu. Nitahitaji ishirini. Mwezi ujao wanakuja wengine wanne, nawe utaendelea kupika."

Bibi aliinama akazitazama kucha zake za manjano. Hivyo hata kile kifo kilichokuwa kikipumua mle ndani juu ya kiegemeo, hakikuwa kimemwonyesha mtu chochote.

"Tafuta mpishi mwingine," alisema.

"Kama unavyotaka. Namba moja anaweza kwenda nyumbani."

Siku ya kuondoka, Beatrisi alimpa Mwatumu kitambaa cha mto alichokidarizi hospitalini, maua mekundu na ndege mmoja. "Cha mtoto wako wa kwanza," alisema, akipumzika baada ya kila neno. "Umwambie... kimetoka kwa mtu... anayeogopa samaki." Mwatumu alimkumbatia kwa tahadhari kama mtu anayeshika yai.

Lori la Pangani lilipita katikati ya mikonge, mistari kwa mistari, isiyo na mwisho. Mwatumu alikuwa ameshika kitambaa mapajani.

"Bibi. Ile dawa uliisomea kweli?"

Bibi Mwanamkasi aliangalia mbele.

"Bibi. Nakuuliza. Chupa zetu zote mbili zilikuwa na dawa?"

Lori lilirukaruka mashimoni. Kuku wa abiria mmoja alilia ndani ya tenga.

Mwatumu alimtazama, na bibi aliona jambo likifika usoni mwa mjukuu wake na kukaa. Hakulia. Alivuta pumzi ndefu, pumzi nzuri, nzima, ikaingia mpaka chini na kutoka bila kukwama, na hapohapo akaiziba kwa mkono mdomoni kama aliyeshikwa na mali ya watu. Kisha akahama. Alikwenda kukaa nyuma, kwenye magunia, akampa bibi yake mgongo hadi Mwera. Tangu siku hiyo alimpikia, alimchotea maji, alimwamkia asubuhi na jioni. Utani wa mke mwenza haukutajwa tena.

*

Bibi Mwanamkasi alikaa Mwera siku tatu. Siku ya nne alichimba manjano, akapanda lori, akarudi kwa Kijakazi. Mchi uligonga tena kabla ya adhana, na safari hii hakuufunga kitambaa.

Langoni Raskazone, Fanueli alimzuia. "Bibi, nimeamriwa. Hakuna jagi kuingia."

"Mwanangu, onja mwenyewe. Ni maziwa tu."

"Najua ni nini." Alilichukua jagi, akalimimina mchangani, taratibu, huku akitazama kando. "Nitafukuzwa, bibi. Nisamehe."

Kesho yake alirudi. Fanueli akamimina. Keshokutwa, akamimina. Siku ya nne mchanga wa langoni ulikuwa umeshakuwa wa manjano, na sisimizi walikuwa wameujia. Fanueli aliutazama mchanga, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Bila miwani sioni mbali," alisema. "Bwana amekwenda kuoga baharini. Nusu saa."

Beatrisi alikuwa amekaa juu ya kiegemeo, mabega yakipanda na kushuka. Amekuwa mdogo. Alipomwona bibi alijaribu kuivuta kanga aitandike, mkono ukaishia njiani.

"Shikamoo... bibi. Mwatumu?"

"Marahaba. Mwatumu hajambo. Anatwanga, anachota maji."

"Anapumua?"

"Anapumua, mwanangu."

Beatrisi alitabasamu. "Nilijua... hilo Mungu atalifanya."

Bibi alimshika kichwa, akamwekea kikombe mdomoni. Beatrisi alinywa funda moja. Akakaa nalo mdomoni. Akanywa la pili, polepole, na macho yake yakainuka yakamwangalia bibi juu ya ukingo wa kikombe.

"Hii... ndiyo ile ya Mwatumu," alisema. "Ile tuliyokuwa tukichanganya." Alipumzika. "Yangu ilikuwa tamu. Siku zote... sukari tu. Nilidhani... zangu wamezitia sukari... kwa kuwa mimi mgeni."

Bibi alikishusha kikombe, tone la manjano likadondoka kwenye shuka.

"Kwa hiyo haikuwa kisomo," Beatrisi alisema.

"Haikuwa kisomo."

"Ulijua."

"Nilijua. Tangu siku ya kwanza, nilinusa." Bibi Mwanamkasi hakutafuta neno la kujifichia. "Yeye ni mmoja tu niliye naye."

Nje, mtu alikuwa akifagia changarawe. Beatrisi alifumba macho. Bibi alingoja atukanwe. Alilitaka tusi lile, alilitamani kama mtu mwenye kiu, hata angelipokea kwa mikono miwili. Pumzi zilipanda, zikashuka, zikakwama, zikapanda.

"Mama yangu... yuko mbali, Mlalo," Beatrisi alisema mwishowe, bado amefumba macho. "Zebedayo huja Jumapili tu. Hapa... hakuna anayekaa nami. Wanaogopa hiki kikohozi." Aliutafuta mkono wa bibi juu ya shuka, akaupata, akauweka kifuani, penye mistari ya zambarau iliyokuwa imebaki kandokando ya ngozi mpya. "Usilete dawa tena, imekwisha kuchelewa. Njoo mwenyewe tu. Kesho... utakuja tena, bibi?"